Imam Ghazali na Jua Lililopatwa

Jumamosi ya tarehe 16 Februari 1980, mwishoni mwa Mfungo Sita, jua lilipatwa, na sisi watu wa pwani tuliliona. Ilikuwa kabla ya adhuhuri. Mwanga ulianza kufifia polepole kama taa inayokwisha mafuta, joto likapungua, na kunguru wakaanza kurejea mitini wakidhani magharibi imeingia. Mtaani kwetu watu waliitwa, nasi tukakimbilia msikitini kuswali swala ya kusufu.

Kando yangu alikaa kijana wa hirimu yangu, mwanafunzi wa sekondari. Akawaambia waliokuwa karibu kwamba yeye hakushtuka, kwa kuwa saa na dakika za jambo lile zilikwisha kupigiwa hesabu na kuandikwa gazetini siku nyingi kabla. Mzee mmoja wa safu ya mbele akageuka, akamkemea mbele za watu. Alimwambia kwamba ishara za Mwenyezi Mungu hazimo katika kalamu ya mtu, na kwamba anayeamini maneno kama hayo na airudie shahada yake. Kijana hakujibu neno. Aliinuka, akachukua viatu vyake mlangoni, akaenda zake.

Mimi nilikuwa nimelisoma gazeti lile lile. Nilijua kwamba alilolisema ni kweli. Nikanyamaza, kwa haya na kwa kumwogopa mzee. Baada ya siku ile, kwa miaka mingi, kijana yule hakuonekana tena katika safu zetu ila siku ya Idi. Kila tulipokutana njiani tuliamkiana vizuri, lakini mimi nilijua kwamba nina deni kwake.

Baadaye, nilipokuwa mtu mzima, niligundua kwamba ugomvi ule wa dakika mbili ulikwisha kukatiwa hukumu karibu miaka mia tisa kabla yetu. Aliyeukatia hukumu si mgeni kwetu. Ni Imam Abu Hamid Muhammad al-Ghazali, ambaye masheikh wetu humwita Hujjatul-Islam, yaani Hoja ya Uislamu. Jina lake twalisikia tangu chuoni, na kitabu chake cha Ihya twakijua hata sisi tusiokisoma. Lakini maisha yake, na jinsi alivyopigana na swali la akili na imani mpaka likamtia ugonjwani, ni wachache kati yetu waliopata kusimuliwa. Hayo ndiyo niliyokusudia kuyaeleza leo.

YATIMA WA TUS

Ghazali alizaliwa mwaka 450 wa Hijra, sawa na mwaka 1058, katika mji wa Tus, nchi ya Khurasan, ambayo leo imo Iran. Wasimulizi wa maisha yake husema kwamba baba yake alikuwa mtu wa hali ya chini, asiyekuwa na elimu ila aliyewapenda wanavyuoni. Alipokaribia kufa alimwachia rafiki yake mmoja, mtu wa tasawwuf, watoto wake wawili wa kiume, Muhammad na Ahmad, pamoja na fedha kidogo za kuwasomesha. Fedha zilipokwisha, yule mlezi aliwaambia ukweli, akawashauri waingie madrasa iliyowapa wanafunzi chakula. Basi mwanachuoni huyu mkubwa aliingia katika elimu kwa sababu ya riziki, na mwenyewe hakulificha jambo hilo.

Alisoma Tus, kisha akaenda Jurjan. Yasimuliwa kwamba alipokuwa akirudi kutoka huko msafara wao ulivamiwa na wanyang'anyi, wakachukua kila kitu pamoja na mfuko wa madaftari yake. Kijana akamfuata kiongozi wao, akimsihi amrudishie karatasi zile ambazo hazina faida kwa mwizi. Yule jambazi akacheka, akamuuliza anadaije kuwa ana elimu ikiwa mtu aweza kumnyang'anya elimu hiyo njiani. Akamrudishia. Ghazali aliyachukua maneno hayo kuwa ni mafunzo kutoka kwa Mungu, akakaa Tus miaka mitatu akihifadhi yote aliyokuwa ameyaandika.

Halafu alikwenda Nishapur kwa mwalimu mkubwa kuliko wote wa zama zile katika madhehebu ya Shafii, al-Juwayni, aliyejulikana kwa jina la Imam al-Haramayn. Hapo alisoma fiqhi, ilimu ya kalamu, yaani elimu ya kuitetea itikadi kwa hoja, na mantiki. Sisi wa pwani tuliolelewa katika madhehebu ya Shafii tunaguswa hapa. Baadaye Ghazali alitunga kitabu cha fiqhi kiitwacho al-Wajiz. Rafii akakisherehesha kitabu hicho, na Imam Nawawi naye akaja akavifupisha vitabu vya Rafii. Basi anayesoma Minhaj ya Nawawi yumo katika silsila ambayo Ghazali ni mmoja wa watu wake.

Al-Juwayni alifariki mwaka 1085. Ghazali akaenda kwa Nizam al-Mulk, waziri mkuu wa masultani wa Kiseljuki, ambaye barazani kwake wanavyuoni walishindana kwa hoja. Huko aliwashinda wengi, na mwaka 1091, akiwa na umri wa miaka kama 33 hivi, aliteuliwa kuwa mwalimu mkuu wa madrasa ya Nizamiyya mjini Baghdad. Hicho kilikuwa cheo kikubwa katika nchi za Kiislamu. Wanafunzi wake walifika mia tatu.

HUKUMU YA KUPATWA KWA JUA

Baghdad ilikuwa na watu wa kila rai. Miongoni mwao walikuwapo waliosoma falsafa ya Wayunani kwa njia ya vitabu vya al-Farabi na Ibn Sina, wakafika mahali pa kuidharau swala na kuona kwamba sharia ni ya watu wa chini. Ghazali aliona kwamba wanavyuoni waliowajibu watu hao hawakuwaelewa. Alishika rai kwamba si haki kumkanusha mtu kabla hujaijua elimu yake sawasawa naye. Basi katika nafasi aliyoipata baada ya kufundisha, bila mwalimu, aliisoma falsafa kwa muda usiotimia miaka miwili, kisha akaitafakari karibu mwaka mwingine. Kwanza alitunga kitabu cha kueleza makusudio ya wanafalsafa. Kisha, mapema mwaka 1095, akamaliza kitabu cha kuwapinga, Tahafut al-Falasifa, yaani Kuporomoka kwa Wanafalsafa.

Katika dibaji ya kitabu hicho ndimo ilimo hukumu niliyoitaja. Ghazali alieleza kwamba si kila neno la wanafalsafa linagombana na dini. Akatoa mfano wa kupatwa. Mwezi hupatwa ardhi inapoingia kati yake na jua, na jua hupatwa mwezi unapoingia kati ya jua na mwenye kulitazama. Mambo hayo, alisema, yana dalili za jiometri na hesabu zisizoacha nafasi ya shaka. Anayedhani kwamba kuyapinga ni kuitetea dini, huyo ameidhulumu dini na kuidhoofisha. Kwani mtu aliyeyajua kwa dalili zake, hata akaweza kutaja wakati wa kupatwa na kiasi chake na muda wake mpaka mwanga urudi, akiambiwa kwamba hayo ni kinyume cha sharia hataitilia shaka hesabu yake. Ataitilia shaka sharia. Madhara ya mwenye kuitetea dini kwa njia isiyo yake, alisema Ghazali, ni makubwa kuliko madhara ya mwenye kuishambulia.

Niliposoma maelezo hayo nilikiona kile kiatu kikichukuliwa mlangoni.

Ghazali hakuiacha hapo hadithi inayojulikana sana. Siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (S.A.W.), jua lilipatwa, watu wakasema limepatwa kwa ajili ya kifo chake. Mtume mwenyewe, akiwa katika msiba wa mwanawe, aliwakataza kusema hivyo. Akawafundisha kwamba jua na mwezi ni ishara mbili za Mungu, hazipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuishi kwake, na kwamba wakiona hilo wakimbilie kumkumbuka Mungu na kuswali. Ghazali akauliza ni wapi hapo panapogombana na hesabu. Hadithi yakataa kwamba kupatwa kunasababishwa na kifo cha mtu, na yaamrisha swala. Mwenye hesabu aeleza mwendo wa nyota. Hakuna anayemzuia mwenziwe njia.

Wala Ghazali hakuwa mpole kwa wanafalsafa. Alijadili masuala ishirini, na katika matatu aliwahukumu kwa kufuru: kusema kwamba ulimwengu hauna mwanzo, kusema kwamba Mungu hajui mambo ya mtu mmoja mmoja, na kukana kwamba miili itafufuliwa. Lakini tazama silaha aliyoitumia. Hakusema kwamba wamekosa kwa kuwa wametumia akili. Alisema kwamba katika mambo hayo wamedai kuwa na dalili ya akili, na akiipima kwa mizani yao wenyewe ya mantiki haionekani. Kosa lao kwake ni kudai kwamba wamethibitisha kitu ambacho hawakukithibitisha.

SHAKA

Sasa nifike mahali ambapo wengi hupapita upesi. Katika kitabu alichokiandika uzeeni kuhusu maisha yake, al-Munqidh min al-Dalal, yaani Mwokozi Kutoka Upotofuni, Ghazali alikiri kwamba alipata kushikwa na shaka ya kila kitu. Aliona kwamba mtoto wa Kikristo hukua Mkristo, wa Kiyahudi hukua Myahudi, na wa Kiislamu hukua Mwislamu. Akataka kujua ni elimu gani iliyo yake mwenyewe, isiyokuwa ya kurithi tu.

Alianza na macho. Jicho hukiona kivuli kimesimama, kumbe chatembea. Huiona nyota ndogo kama dinari, na hesabu zathibitisha kwamba ni kubwa kuliko ardhi. Kwa hiyo akili imeyakadhibisha macho. Ndipo akajiuliza: je, ikiwa juu ya akili kuna hakimu mwingine ambaye akitokea ataikadhibisha akili, kama akili ilivyoyakadhibisha macho? Mtu aliyelala huamini ndoto yake mpaka azinduke. Alitafuta dalili ya kujitoa humo asiipate, kwani kila dalili huhitaji akili, na akili yenyewe ndiyo iliyoshtakiwa. Karibu miezi miwili alikaa katika hali hiyo, na hakumwambia mtu.

Alisema kwamba hakuokolewa na hoja. Aliokolewa na nuru ambayo Mwenyezi Mungu aliitia kifuani mwake. Wapo wanaosoma maneno haya wakasema, basi, hapo Ghazali aliitupa akili. La hasha. Akisimulia alichokipata kwa nuru ile, alisema kwamba alirudishiwa imani katika misingi ya akili, ile ambayo kila mwenye akili timamu huijua bila kufundishwa. Nuru haikuja kuifukuza akili. Ilikuja kuirudisha nyumbani.

Tena katika kitabu hicho hicho ana mfano ambao sijapata kuusahau. Anajua kwamba kumi ni nyingi kuliko tatu. Akija mtu akadai kwamba tatu ni nyingi kuliko kumi, na kwa kuthibitisha dai lake akaigeuza fimbo kuwa nyoka mbele ya macho ya watu, Ghazali atastaajabu jinsi alivyoweza kufanya hivyo. Lakini katika elimu yake ya kumi na tatu hatatia shaka hata chembe. Mtu anayesema maneno hayo si adui wa akili.

ULIMI ULIOKAUKA

Masaibu yake makubwa hayakutoka katika shaka, yalitoka katika cheo. Mwaka 1092 mlezi wake Nizam al-Mulk aliuawa, na wiki chache baadaye Sultani Malikshah akafa. Ghazali aliona jinsi dunia inavyopinduka. Alikuwa sasa akisoma vitabu vya masufi, akatambua kwamba wao wana kitu ambacho hakipatikani kwa kusoma tu. Kujua maana ya afya ni jambo moja, kuwa na afya ni jambo jingine. Akajichunguza, akaona kwamba kufundisha kwake hakukuwa kwa ajili ya Mungu bali kwa ajili ya sifa.

Kuanzia mwezi wa Rajabu mwaka 488 wa Hijra, yaani Julai 1095, alivutwa huku na huku karibu miezi sita. Asubuhi aliazimia kuondoka, jioni akaahirisha. Mwishowe ulimi wake ukafungika. Alikaa mbele ya wanafunzi akitaka kusema, neno lisitoke. Chakula hakikushuka. Matabibu walikata tamaa, wakasema maradhi haya yameanzia moyoni. Mtu aliyeshinda mijadala yote ya Baghdad hakuweza kutamka sentensi moja.

Mnamo Novemba mwaka huo aligawa mali yake, akabakisha ya kuwatosha watoto, akatangaza kwamba anakwenda Makka, akatoka. Nafasi yake ya kufundisha ilishikwa na ndugu yake Ahmad. Kumbe azma yake ilikuwa Sham. Alikaa Damascus, akawa akipanda mnara wa msikiti mkuu na kujifungia mchana kutwa. Akaenda Baitul-Muqaddas, miaka michache kabla mji huo haujaangukia mikononi mwa askari wa vita vya msalaba mwaka 1099. Katika mji wa al-Khalil, penye kaburi la Nabii Ibrahim, aliweka ahadi tatu: asimwendee mtawala, asipokee mali yake, wala asishindane na mtu kwa mijadala. Kisha akahiji.

Katika miaka hiyo ya kuhama alitunga Ihya Ulum al-Din, yaani Kuhuisha Elimu za Dini, yenye vitabu arubaini. Cha kwanza kinahusu elimu, na mlango wa mwisho wa hicho cha kwanza unahusu akili na utukufu wake. Humo aliyahesabu matibabu na hesabu kuwa ni faradhi ya kifaya, yaani mji wote hupata dhambi asipopatikana wa kuifanya kazi hiyo. Akalalamika kwamba kuna miji isiyo na tabibu Mwislamu hata mmoja, ilhali watu wanasongamana kusoma fiqhi kwa sababu fiqhi ndiyo inayoleta ukadhi na mali. Mzazi anayedhani kwamba masomo ya sayansi ya mwanawe yako nje ya dini na asome hapo.

Ihya haikupokewa kwa furaha kila mahali. Mwaka 1109, mwenyewe akiwa hai, ilichomwa moto huko Cordoba kwa amri ya watawala. Karibu miaka sabini baada ya kuzaliwa Ghazali, katika Cordoba hiyo hiyo alizaliwa Ibn Rushd, ambaye baadaye aliijibu Tahafut kwa kitabu kizima na kusema kwamba Ghazali amewadhulumu wanafalsafa. Wote wawili walikuwa Waislamu, wote walikuwa mafakihi, na wote walisimama juu ya hoja.

SHUTUMA

Siku hizi husikika shutuma kwamba Ghazali ndiye aliyeizima sayansi katika Uislamu. Msingi wake ni suala la kumi na saba la Tahafut, ambamo alisema kwamba pamba ikigusana na moto huungua, lakini macho yetu hayaoni ila kwamba kuungua kumefuatana na mguso. Mwenye kuunguza ni Mungu, naye aweza kuzuia. Ni kweli kwamba rai hii ina wapinzani wenye nguvu. Lakini Ghazali huyo huyo alisema kwamba Mungu ameifanya dunia ifuate desturi, na kwamba mtu mwenye akili hashuku kwamba kitabu alichokiacha nyumbani kitakuwa kimegeuka farasi.

Tena tarehe haikubaliani na shutuma hiyo. Mwaka 1259, zaidi ya karne moja baada ya kifo chake, mtu mwingine wa Tus, Nasir al-Din, alianza kujenga kituo kikubwa cha kutazamia nyota huko Maragha. Na katika karne ya kumi na nne Ibn al-Shatir, mmoja wa mabingwa wakubwa wa falaki, alikuwa mwangalizi wa nyakati za swala katika msikiti ule ule wa Damascus ambao Ghazali alijifungia mnarani mwake. Hesabu na adhana zilikaa chini ya paa moja.

MWISHO WAKE

Mwaka 1106 mtoto wa Nizam al-Mulk alimshawishi arudi kufundisha, naye akafundisha Nishapur kwa muda. Kisha alirudi Tus. Alifariki Jumatatu tarehe 18 Desemba 1111, akiwa na umri wa miaka 55 kwa hesabu ya Hijra. Ahmad ndugu yake alisimulia kwamba asubuhi ile alitawadha, akaswali, akaomba aletewe sanda yake, akaibusu na kuiweka machoni, akajinyosha kuelekea kibla, na kabla jua halijawa juu alikuwa amekwisha kwenda.

Nimebakiwa na jambo moja. Katika ule Munqidh, Ghazali alitaja hatari mbili zinazotoka katika hesabu. Ya kwanza ni ya kijana anayeona hesabu ilivyo sahihi, akadhani kwamba mwenye hesabu atakuwa sahihi hivyo hivyo atakaponena juu ya Mungu. Ya pili ni ya rafiki mjinga wa Uislamu, anayedhani kwamba dini hunusurika kwa kukanusha kila elimu ya wale watu. Siku ile ya mwaka 1980 wote wawili walikuwa msikitini kwetu. Mzee alikosea, Mungu amrehemu, kwani alikuwa mwema na alichokiogopea ni imani yetu. Kijana naye alikosea alipoona kwamba, kwa kuwa saa inajulikana, swala haina kazi. Hapakuwa na wa kuwasuluhisha, na mimi niliyekuwa katikati yao sikufungua mdomo.

Miaka michache iliyopita niliuchukua ukurasa ule wa Tahafut nikampelekea mwenzangu yule, ambaye sasa ni mtu wa wajukuu. Aliusoma mara mbili, akakaa kimya. Kisha akaniuliza maneno haya yalikuwa wapi siku ile. Nilimjibu kwamba kitabu kilikuwapo, na mimi nilikuwa nimekaa kando yake.